Una D ya kemia au F ya fizikia na unataka kusomea unesi? Fanya hivi

Kwanza lia. Nasema kweli kabisa, matokeo ya fom foo yakitoka Januari ukakuta F ya fizikia wakati tangu darasa la tano unawaambia watu utakuwa nesi, usijikaze siku hiyo. Mi nilikaa siku tatu sitoki chumbani, mama analeta chai anaiweka mlangoni anaondoka bila neno, na mpaka leo namshukuru kwa ule ukimya kuliko simu zote za kina shangazi za "vipi mwanetu, umepata ngapi". Kwa hiyo zima data, simu za ndugu apokee mtu mwingine, kula hata kama hujisikii. Ila jiwekee siku ya kuamka, mi niliweka jumatatu.

Jumatatu hiyo chukua daftari andika matokeo yako somo moja moja, divisheni iache kwanza. Hapa ndo wengi wanaumia, mtu anaona div foo anajua habari imeisha anakimbilia kozi yoyote iliyo karibu, kumbe vyuo vya afya vinaangalia masomo. Diploma ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na humo ndani kemia, bailojia na fizikia ziwepo, hesabu na kiingereza zinakuongezea nguvu. Na ufaulu unaanzia D! D ni alama 30 mpaka 44, C inaanza 45, F ni 29 kushuka chini. Yani D ya kemia inauma lakini ni ufaulu. Kama hayo matatu yote una D na kuendelea na la nne lipo, omba chuo mwaka huo huo, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, lile baraza la Tanzania linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, wa mwaka husika usome mwenyewe mstari kwa mstari sifa za kila chuo, changanya vya serikali na vya binafsi maana vya serikali ushindani wake ni mkubwa. Na tafadhali sana mdogo wangu, usimpe mtu hela eti anakushikia nafasi, wapo wengi kipindi cha udahili na wanajua una hofu.

Sasa kama kuna F kwenye moja ya hayo matatu, unarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sio lazima urudie masomo yote. Mi nilikuwa na D ya bailojia, D ya kemia na F ya fizikia, nikarudia fizikia na kemia tu. Usajili unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka na ukichelewa unaongezewa hela, mtihani wenyewe Novemba, kwa hiyo ukikaa kwenye huzuni mpaka Aprili umepoteza mwaka mwingine.

Kabla hujalipa twisheni yoyote tafuta ulianguka wapi. Chukua pasti pepa, kaa nayo kwa saa kama uko kwenye chumba cha mtihani, alafu isahihishe bila kujionea huruma, na kila swali ulilokosa andika pembeni sababu, hii sijawahi kufundishwa, hii nilijua nikasahau, hii nimekosea hesabu. Mi nilifanya pepa nne hivyo na picha ikaja yenyewe, fizikia karibu yote ilikuwa sijawahi kufundishwa, maana shule yetu tangu fom tuu hatukuwa na mwalimu wa fizikia, tulikuwa tunanakili notsi za wenzetu wa shule nyingine. Miaka yote najiona mjinga wa fizikia, kumbe sijawahi kuisoma. Kemia ilikuwa tofauti, pale nilikuwa nakosea hesabu za moli na ile titresheni, nakariri fomula bila kujua inatoka wapi. Haya ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake tofauti. Fizikia nilihitaji mtu wa kunifundisha tangu mwanzo, kemia nilihitaji kukaa peke yangu na maswali kumi ya moli kila siku, pamoja na kutafuta kituo chenye maabara ya kweli, maana pepa ya vitendo huwezi kuisoma kwenye daftari.

Na usiruke hesabu kwa kusema kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa. Sa hivi niko mwaka wa pili, na wodini hesabu ni za kila siku. Mgonjwa anatakiwa aingiziwe mililita 500 za dripu kwa masaa manne, mpira wako wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita, unazidisha 500 mara 20 unagawanya kwa dakika 240, unapata kama matone 42 kwa dakika, na unaifanya ndugu wa mgonjwa akiwa amesimama pembeni anakuangalia mkono.

Nyumbani usiombe tu "mnilipie tena". Baba yangu alikuwa kakasirika, nilichofanya nilimwandikia kwenye karatasi ada ya usajili, hela ya twisheni, ya maabara, na mimi nitafanya nini, asubuhi nakaa gengeni na mama, mchana nasoma. Aliisoma kimya, baada ya siku mbili akatoa hela ya usajili.

Matokeo yalipotoka fizikia ilikuwa C. Kemia ikarudi D ile ile, baada ya maswali yote yale ya moli, nililia tena lakini safari hii jioni moja tu, na chuo niliomba nayo hivyo hivyo.