Asali yako kutoka mzingani mpaka dukani Malindi: karatasi gani zatakiwa

Watu wengi huku kwetu waliogopa kufuga nyuki tangu ile bili ya mifugo ya 2021, mwaikumbuka, ile iliyotaka anayefuga nyuki kwa biashara asajiliwe kwanza, mitandao ikawaka moto na mwisho haikupita. Mimi nna mizinga kumi na minne upande wa Kakuyuni na mpaka leo sijaulizwa leseni ya kutundika mzinga kwenye shamba langu. Karatasi zinaanza mzinga ukiingia msituni ama asali ikiingia kwenye chupa ya kuuza, basi.

Lakini kabla ya karatasi yoyote kuna jirani. Nyuki wetu wa pwani ni wadogo kuliko wa bara ila ukali wanao, mimi mzinga wa kwanza niliuweka karibu na kijia alafu nikavuna saa nane mchana jua kali, wakatoka wote, mbuzi wa mzee wa pili kutoka kwangu alikuwa amefungwa kamba hapo kwenye mkorosho na hakuweza kukimbia. Nikaitwa kwa chifu, nikalipa mbuzi, na nilistahili. Sasa mizinga iko nyuma kabisa, mbali na njia na kisima na mifugo, navuna magharibi ikishapita, na nikitaka kuongeza mzinga naenda kumwambia mzee wa mtaa mapema. Jirani mwenye maembe naye muongee vizuri, manake akipiga dawa asubuhi maua yakiwa wazi unapoteza nyuki hivi hivi. Muombe apige jioni wakisharudi mzingani, na uangalie kwenye kibandiko cha dawa kama kuna namba ya usajili ya PCPB, yani bodi ya serikali ya dawa za wadudu, dawa isiyo na namba hiyo haifai kuuzwa Kenya hata iwe rahisi vipi.

Msitu ni habari nyingine. Arabuko-Sokoke huwezi kuamka tu ukaingia na panga na mzinga, hata kama babu yako alikuwa akirina huko. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuvuna asali lakini kupitia chama cha msitu cha jamii kilichosajiliwa na chenye makubaliano na KFS, yani shirika la misitu la serikali, kwa hivyo jiunge na chama cha eneo lako, uonyeshwe pa kuweka mizinga, na risiti zako uzitunze. Wenzetu wa Mida na Lamu msifikiri mikoko haina mwenyewe, ni msitu wa serikali tangu 1932, njia ni ile ile. Na huko usirine kwa mwenge wa makuti, tumia bomba la moshi, cheche moja wakati wa kiangazi ni kesi.

Haya, chupa. Siku ya kwanza nilipeleka chupa ishirini kwa duka moja la mjini, mwenye duka akaichukua moja, akaigeuza, akaigeuza tena, akasema "kijana, asali nzuri, lakini alama ya KEBS iko wapi?" yani alama ya shirika la viwango la Kenya, nikarudi nazo zote na tuktuk. Kumbe mpangilio ni hivi: chukua leseni ya biashara ya kaunti, alafu muite afisa wa afya ya umma aje aone chumba unachokamulia, ataangalia sakafu, maji, wavu wa dirishani, ndio upate leseni ya usafi wa chakula. Wewe na kila anayeshika asali mnapimwa mpate cheti cha afya, na hicho ni cha miezi sita tu, watu wanasahau hapo. Baada ya hapo ndio KEBS, wanachukua sampuli wanapima.

Na ukifeli kipimo mara nyingi ni unyevu. Asali haifai kuzidi asilimia 20 ya maji, na hewa yetu ya bahari inaingia kwenye ndoo iliyo wazi usiku mmoja tu. Vuna masega yaliyozibwa na nta angalau robo tatu, kamua siku hiyo hiyo, funika. Kuna kidude kinaitwa rifraktomita, unaweka tone moja kwenye kioo unachungulia kwa jicho moja unasoma namba ya unyevu, kikundi kinaweza kuchanga kikanunua kimoja. Sukari guru usithubutu kuchanganya, maabara watajua.

Kwenye lebo andika jina lako na anwani, tarehe ya kufunga na ya kuisha, namba ya fungu (batch), na uzito kwa gramu. Hapo kwa uzito wengi wanakosea, chupa ya nusu lita wanaiandika gramu 500 na asali ni nzito, inaingia karibu gramu 700, yani unagawa gramu 200 bure kila chupa. Tumia mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri wa watu wa vipimo, ile ya jikoni ya mama watoto haihesabiki.