Kwenda kazini kwa baskeli hapa Unguja: upepo, daladala na chumvi

Jamani mnaotaka kuacha kugombania daladala mkaanza kushuka mjini kwa baskeli karibuni sana, mie ndo usafiri wangu wa kila siku na sipendi kuona mtu anaanza vizuri halafu wiki ya pili baskeli ishatiwa stoo.

Siti kwanza. Kaa juu yake, pedeli ikiwa chini kabisa weka kisigino, mguu unyooke. Ukiendesha magoti yamekunjana utachoka hujafika hata Amani ukadhani jua. Tairi nazo jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, tairi laini inakutoa jasho bure.

Alokuwa anatoka Bububu, kaskazini mwa mji, msimu wa kaskazi (upepo unaotoka kaskazini) asubuhi anasukumwa mpaka Darajani mjini ila jioni anarudi anaupasua upepo, na wa Kiembesamaki, kusini mwa mji, ni hivo hivo wakati wa kusi (upepo unaotoka kusini), kwa hiyo kurudi jipe dakika kumi zaidi, usishindane nao.

Barabarani kaa kushoto lakini usijibane ukingoni, na gari zilopaki ziachie upana wa mlango. Daladala ikisimama USIPITE baina yake na ukingo wa njia, watu wanashukia upande huo huo, subiri tu. Ukiingia vichochoro vya Mji Mkongwe shuka uikokote, kona hazionani na watoto wanatoka mbio, na wazee wako barazani, salimia upite.

Sasa chumvi, hii ndo inayoziua baskeli zetu. Hata kama hukai pwani hewa inaifikia, mnyororo unaanza kulia kisha unaota kutu na siku moja unakatika. Kila wiki ufute kwa kitambaa kikavu, utie mafuta ya cherehani tone tone upande wa ndani huku unazungusha pedeli kinyume, halafu FUTA yalobaki nje kwa sababu mafuta yakizidi yanakamata mchanga na mchanga unasaga vyuma. Mafuta ya nazi usitie, yanaganda. Ukirushiwa maji ya bahari pale Mizingani, osha kwa maji matamu siku hiyo hiyo, kausha ndo utie mafuta.

Masika breki zikirowa hazishiki haraka, anza kukamata mapema, na dimbwi usilolijua usilipite katikati, shimo huwa humo.

Akina dada wa mabuibui tafuteni yenye kava la mnyororo, kama haina fundi anakufungia.