Kuomba ukimbizi kwa sababu ya kabila na siasa: jiandae kujibu "Kwa nini wewe?"

Kazi yangu ni kuwaandaa waomba hifadhi kabla hawajaketi mbele ya afisa. Wengi hunijia na kurasa tatu za historia ya nchi, nani alimpindua nani, kabila lipi lilinyang'anywa ardhi. Habari zao wenyewe, mistari minne. Historia afisa anayo. Asiyemjua ni wewe.

Hatua ya 1: Jitokeze mapema. Baadhi ya nchi zina muda wa mwisho wa kuomba. Usijifiche kwa kuwa uliingia bila kibali: kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakataza kumwadhibu kwa hilo aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu ya msingi.

Hatua ya 2: Taja sababu. Mkataba una sababu tano: rangi, dini, utaifa, kuwa wa kundi fulani la kijamii, na maoni ya kisiasa. Kabila halikuandikwa kwa jina, ila huhesabiwa ndani ya rangi na utaifa. Tena kabila na siasa hushikana. Ukiwa kabila moja na kiongozi wa upinzani, wanaweza kukuona mpinzani hata kama hujawahi kupiga kura, na maoni uliyobandikwa yanakubalika kama sababu. Basi usijipe uanachama wa chama usichokijua. Ukiulizwa ilani yake utakwama.

Hatua ya 3: Andika yaliyokupata. Hapa tumia siku kadhaa. Kila tukio: lini, wapi, akina nani, walivaa nini, walizungumza lugha gani. Zaidi ya yote, walitamka nini, kwa sababu maneno yao ndiyo yanayounganisha kipigo na kabila au siasa. "Watu wetu wanauawa" haimwambii afisa kitu. "Waliuliza jina la ukoo wa baba, kisha wakasema nyinyi ndio mnaowalisha waasi" inamwambia karibu yote.

Si lazima uwe umeshapigwa. Sheria inauliza kitakachokupata ukirudi, na kama hofu hiyo ina msingi. Jirani wa kabila lako aliyefanya kazi kama yako akachukuliwa, mweleze. Tarehe ukiisahau usiibuni. Sema "wiki moja baada ya uchaguzi".

Kama uliwahi kubeba silaha, zungumza na wakili kabla ya kuandika lolote.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi. Hati ya kuitwa polisi, cheti cha hospitali, ujumbe wa vitisho kwenye simu. Kukosa karatasi hakukuangushi peke yake, maana anayekimbia hapangi faili. Hati ya kununua ndiyo itakayokuangusha, na itayatia shaka hata ya kweli. Usiende ubalozi wa nchi yako kuomba pasipoti mpya. Ikiwa unaiogopa serikali hiyo, utaulizwa mbona unaiomba ulinzi.

Hatua ya 5: Mahojiano. Mkalimani akiwa wa upande unaouogopa, au hamuelewani vizuri, sema mwanzoni, si baada ya saa mbili. Mambo ya kudhalilishwa kimwili unaweza kuomba kuyaeleza kwa afisa wa jinsia unayoitaka. Swali moja huwaangusha wengi: "Mbona hukuhamia mji mwingine nchini kwako?" Kama mtesaji ni serikali, eleza jinsi mkono wake unavyofika huko. Kama ni wanamgambo, eleza ulipoenda polisi nini kilitokea, au kwa nini hukuthubutu kwenda. Omba usomewe maelezo kabla ya kutia saini.

Hatua ya 6: Ukikataliwa. Siku za rufaa ni chache, na huanza kuhesabika wakati wewe bado unalia. Soma barua mpaka mwisho, andika kila sababu waliyoitoa, na uzijibu moja moja pamoja na wakili. Hifadhi pia bahasha: tarehe iliyopigwa juu yake inaweza kuthibitisha barua ilikufikia lini.