Unataka kuwa kadeti Kabamba? Pima nafasi yako hivi, halafu iongeze

Kila matokeo ya UACE (mtihani wa mwisho wa sekondari, kidato cha sita au S6) yakitoka wanafunzi wananifuata na swali moja, mwalimu, kwa pointi hizi Kabamba watanichukua? Kabamba ndipo kilipo chuo cha kadeti, yaani wanaosomea uofisa wa jeshi la Uganda. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Arua, mkoa wa West Nile kaskazini magharibi mwa Uganda, na nawaandaa vijana wanaotaka jeshi, na nawaambia pointi ni mlango wa kwanza tu. Nafasi yako inatengenezwa kijijini kwenu, kwenye makaratasi yako na barabarani alfajiri, miezi mingi kabla tangazo halijatoka. Likishatoka muda ni mfupi, anayeanza kumtafuta mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) siku hiyo ashachelewa.

Hatua ya 1: jua unaomba nini

Wengi wanachanganya. Kuruta anaenda Kaweweta kule Nakaseke na anatoka askari wa kawaida. Kadeti anaenda Uganda Military Academy, Kabamba, wilaya ya Mubende, mafunzo yake kwa kawaida ni kama mwaka mmoja na akimaliza anavishwa cheo cha luteni wa pili. Darasani hapo utakutana na waliotoka S6, waliotoka chuo kikuu, na askari waliokuwa jeshini tayari wakachaguliwa kusomea uofisa. Kwa hiyo usijilinganishe na wenzako wa darasani tu, utashindana na mtu ambaye kwata ameshaizoea.

Hatua ya 2: jipime na sheria

Sheria ya UPDF (jeshi la Uganda) ya 2005 inataka raia wa Uganda, aliyefikisha miaka 18, mwenye tabia njema, afya ya mwili na akili, na elimu inayotakiwa. Umri wa juu na masomo yanayohitajika vinaandikwa kwenye tangazo lenyewe na vinabadilika kulingana na wanamtafuta nani, mwaka huu wanaweza kutaka wa sayansi zaidi, mwaka mwingine sivyo. Soma tangazo la jeshi lenyewe kwenye gazeti, usisome picha iliyozunguka WhatsApp mara mia ikakatwa chini. Kama umri umekupita, mdogo wangu, usipunguze miaka, kuna njia nyingine nitaisema mbele.

Hatua ya 3: makaratasi (hapa ndipo vijana wazuri wanapoangukia)

Toa vyeti vyako vyote uvipange mezani sasa hivi, PLE ya shule ya msingi, UCE ya S4, UACE, kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa kama unacho. Soma jina herufi kwa herufi. Huku kwetu West Nile utakuta UCE imeandikwa Mohamed, UACE imeandikwa Muhammad, kitambulisho kina jina la babu ambalo shuleni halikuwahi kutumika, na tarehe ya kuzaliwa ni mbili tofauti sababu siku ya kuandikishwa mzazi alikadiria. Kwako wewe ni mtu mmoja, kwa ofisa anayekagua vyeti ni watu wawili na yeye hana muda wa kusikiliza hadithi ya babu, anao mamia wamepanga foleni nyuma yako.

Anza na jina lililo kwenye vyeti vya UNEB (baraza la mitihani) manake hayo ndiyo magumu kubadilisha, halafu nenda ofisi ya NIRA (wanaotoa vitambulisho) ya wilaya kitambulisho kirekebishwe kifuate vyeti. Kosa la herufi mara nyingi linahitaji kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ila kubadilisha jina kabisa ni safari ndefu zaidi ya kisheria na inafika mpaka gazeti la serikali. Zote zinachukua muda, ndio maana nasema anza ukiwa S5.

Sasa barua. LC1 ndiye anaanza, na yeye anaandika anachokijua juu yako, kama kijiji kinakujua kwa kupigana sokoni hapo hakuna cha kukusaidia. Kutoka kwake barua inapanda gombolola (kaunti ndogo), GISO (ofisa usalama wa gombolola), mpaka DISO (ofisa usalama wa wilaya), kutegemea tangazo linataka muhuri wa nani. Jitambulishe kwa hawa watu mapema, salimia, shiriki kazi za kijiji, waijue sura yako. Tena omba kule nyumbani kwenu kwa kweli. Katiba inataka jeshi liwe la kitaifa, wakati wa kuandikisha nafasi zinagawanywa mikoani na wilayani, na mtu anayejifanya wa wilaya jirani sababu anadhani kule ni rahisi anakamatwa kwa lugha na kwa maswali madogo ya nani ni chifu wenu.

Fotokopi tatu za kila kitu, vyeti halisi kwenye bahasha ngumu, usivifunge kwa plastiki ya moto maana kukagua karatasi halisi kunakuwa shida.

Hatua ya 4: mwili

Mbio ndizo zinachuja watu wengi kwa muda mfupi. Programu yangu ni hii: wiki nne za kwanza kimbia kilomita 3 mara nne kwa wiki, pole pole, ukishindwa tembea kidogo kisha endelea. Ukizizoea nenda 5, halafu 8, na siku moja kwa wiki tafuta mlima mfupi upande kwa kasi mara sita. Sisi tunakimbia barabara ya kwenda Vurra kabla malori hayajaamka. Wasio na raba nzuri wakimbie kwenye majani ya uwanja, magoti yao yatashukuru. Presha apu na sitapu kila jioni, chache lakini safi, kifua kifike chini kweli, manake mkaguzi hahesabu zile za nusu.

Halafu nenda hospitali upimwe mwenyewe kabla ya wao kukupima. Macho, meno, presha, ngiri, mkojo, damu pamoja na VVU. Pima pia homa ya ini B, kaskazini na West Nile ipo kwa wingi, na kama huna pata chanjo, ni dozi tatu ndani ya miezi sita hivi. Hii nakuambia hata kama jeshi hutaliona, ini ni lako. Jino bovu linazibwa, miwani inapatikana, lakini sio usiku wa kuamkia usaili. Bangi na sigara acha leo.

Hatua ya 5: usaili

Watakuuliza kwa nini unataka jeshi. Jibu la "kazi hakuna" wamelisikia sana. Soma sura ya 12 ya Katiba, ibara ya 209 inataja kazi za UPDF: kulinda mamlaka na mipaka ya nchi, kusaidia wakati wa maafa, kujenga uelewano na raia, kushiriki uzalishaji mali. Jua kwamba Tarehe Sita ni kumbukumbu ya 6 Februari 1981 Kabamba iliposhambuliwa na wapiganaji wa Museveni, jua majeshi yetu yapo Somalia tangu 2007 na Operesheni Shujaa dhidi ya waasi wa ADF ilianza Kongo Novemba 2021. Usikariri tu, uweze kuelezea.

Na Kiswahili! Amri za kwata ni Kiswahili, mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka, na tangu 2005 ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba. Sisi wa Arua hapa tuna faida ya bure, wenzetu wengine wanaanza kujifunza wakiwa kwenye jua la Kabamba.

Hatua ya 6: usilipe mtu

Kuandikishwa ni bure. Anayesema ana mkubwa Mbuya (makao makuu ya jeshi), tuma kitu kidogo kwa mobail mani akuwekee jina, ni mwizi. Nimeona familia inauza ng'ombe wa mwisho kwa ahadi kama hiyo na inaniuma mpaka leo.

Na vyuo vya nje?

West Point ya Marekani inaruhusu wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja kutoka dunia nzima, lazima nchi yako ikuteue, umri kati ya 17 na chini ya 23 ifikapo 1 Julai ya mwaka wa kuingia, huna ndoa wala mtoto wa kulea, na kuna mtihani wa SAT au ACT. Sandhurst ya Uingereza ni wiki 44, na hapo pia Mganda anapita kupitia jeshi lake. Ndoto nzuri, ila kama hujapita Kabamba au huna uteuzi wa serikali usipoteze hela ya intaneti kujaza fomu.

Ukikosa

Uliza umekosea wapi kama wanakubali kusema, rekebisha hicho kimoja, endelea na chuo. Shahada ya uhandisi, uuguzi au kompyuta inakurudisha kwenye tangazo lingine ukiwa na nguvu zaidi, manake jeshi mara kwa mara linatafuta wataalamu na umri wao wa juu huwa tofauti. Njia ya pili ni kuingia kama kuruta, ufanye kazi vizuri, makamanda wako wakupendekeze kwa kozi ya kadeti, ni ndefu lakini maofisa wengi wamepita huko. Wakati unasubiri mbio usiache, na vile vyeti viache kwenye ile bahasha.