Paka mwenye njaa halindi ghala

Jirani yangu ana paka mwembamba kama ufito. Kila nikimwuliza kwa nini hamlishi, jibu ni lile lile: "Mzee wangu, nikimshibisha atalala, panya atashikwa na nani?" Mwezi uliopita paka huyo aliingia uani kwetu mchana kweupe akaondoka na vifaranga watatu wa mke wangu, mmoja baada ya mwingine. Panya wa jirani wangali wapo. Usiku nawasikia darini kwake wakicheza gwaride.

Nimefanya kazi ya ukarani wa ghala hapa Tanga kwa miaka 26, kwanza kwenye mkonge, kisha kwenye mahindi na maharage. Ghalani nimefuga paka tisa kwa kupokezana. Sasa nimestaafu, nina stoo ndogo nyuma ya nyumba ambamo mke wangu anaweka nafaka za kuuza, na paka wawili: Karani, jike wa madoadoa aliyepata jina kwa kuwa kila asubuhi hupita akikagua magunia, na Kandambili, dume, mwizi wa ndala za wageni. Haya ninayoandika nimeyajua kwa hao wawili na kwa waliowatangulia, na mengine kwa daktari wa mifugo niliyemsumbua miaka mingi.

Kwanza chakula

Paka hawindi kwa sababu ana njaa. Anawinda kwa sababu kitu kidogo kimekwenda mbio mbele yake, au kimekwaruza nyuma ya gunia. Panya huongea kwa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu haliipati, lakini la paka linaipata. Akishaisikia, mwili unafuata wenyewe: ananyatia, anajikunyata, makalio yanatikisika kidogo, anachupa, kisha meno kwenye kisogo. Utamwona Karani ametoka kula sahani nzima ya dagaa, anajilamba, ghafla anaganda. Shibe haikumzuia.

Tofauti ya mwenye njaa na aliyeshiba iko kwingine. Mwenye njaa anatafuta kilicho rahisi, na panya si rahisi. Rahisi ni kifaranga, samaki wa jirani kwenye ungo, jalala la sokoni. Atazurura mtaa mzima, atapigwa mawe, na stoo yako itabaki bila mtu. Aliyeshiba anakaa karibu na sahani yake, na ana subira ya kuvizia tundu moja kwa saa mbili. Kazi ya ghala inataka subira hiyo.

Kwa hiyo mlishe mara mbili: asubuhi, na jioni kabla ya magharibi. Paka huchangamka zaidi alfajiri na jioni giza linapoingia, nyakati ambazo panya nao wanatoka. Mimi ninampa Karani robo tatu ya chakula saa kumi na moja na nusu jioni, kisha namfungia stoo. Kilichobaki anakipata asubuhi nikifungua mlango. Hakuna siku amekataa kuingia.

Chakula chenyewe kiwe cha asili ya nyama. Ugali mtupu uliopakwa mchuzi si chakula cha paka, hata akiula. Mwili wake unahitaji taurini, kitu kinachopatikana kwenye nyama na samaki tu, na akikikosa kwa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unachoka. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, vichwa vya vibua, maini ya kuku mara moja moja, vinatosha kuchanganya na ugali kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha. Maziwa si lazima, paka wengi wakubwa yanawaharisha. Maji yawepo siku zote, na stoo ikiwa ya bati, maji mawili: bakuli la ndani na la nje.

Sitaficha kwamba chakula kizuri kinapunguza uwindaji kiasi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo ya majaribio yao kwa paka wa majumbani. Waliopewa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36. Waliochezeshwa na wenyewe dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Jirani yangu akisikia hivyo atafurahi sana. Mimi nasema hivi: theluthi mbili zinazobaki zinanitosha, na vifaranga wangu wanabaki.

Stoo iwe uwanja wake

Watu wananunua paka kwa kazi ambayo nyumba yenyewe imeikataa. Magunia yamelazwa sakafuni, yamebanwa ukutani, na nyuma yake panya wana barabara ambayo paka hawezi kuingiza hata kichwa. Panga magunia juu ya chaga, uache nafasi ya nusu mita kutoka ukutani pande zote. Sheria hiyo tulifundishwa ghalani kwa ajili ya hewa na ukaguzi, lakini nilikuja kuona kuwa ndiyo njia ya paka pia. Siku nilipoipanga stoo ya nyumbani hivyo, Karani alishika panya wanne ndani ya juma moja.

Ziba matundu kwa saruji na vipande vya wavu wa chuma. Tundu linalopitisha penseli linapitisha panya mdogo, kwa hiyo usidharau. Mlangoni chini nilikata tobo la sentimeta 15 kwa 18 ili paka apite hata nikiwa safarini, na nikaliwekea kibao cha kulifunga usiku.

Halafu kubali mipaka yake. Paka ni wa panya wadogo na wa kati. Panya mkubwa wa mtaroni akisimama na kuonyesha meno, paka wengi wanageuza uso kama hawakuona. Panya buku usimfikirie kabisa: uzito wake unapita kilo moja. (Buku wana kazi zao nyingine. Kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Paka gani wa Tanga ana medali?) Kwa panya wakubwa weka mtego wa sanduku au wa chuma ndani ya boksi lenye tundu dogo, mahali ambapo mguu wa paka haufiki.

Kirukanjia, yule mwenye pua ndefu na harufu kali, atauawa na kuachwa mlangoni bila kuliwa. Usidhani paka wako ana maringo. Kirukanjia ananuka hata kwa paka.

Sumu

Hapa naomba usome polepole. Paka niliyempenda kuliko wote, aliyekuwa na jina hilo hilo la Karani kabla ya huyu, aliuawa na panya. Yaani panya aliyekula sumu nyumba ya tatu, akalewa, akatembea kwa kujikokota, na paka akamshika bila jasho. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda. Panya hafi palepale, anazunguka siku kadhaa, na katika siku hizo ndiye windo jepesi kuliko yote mtaani. Paka akila mmoja huenda asidhurike. Akila kadhaa, anaanza kuvuja damu ndani. Utaona fizi zimepauka, amelegea, anahema, pengine damu puani au kwenye choo. Ni dharura. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na ukiweza uende na pakiti ya sumu yenyewe, kwa sababu aina hiyo ina tiba, vitamini K1, ila haingoji kesho. Nilingoja kesho.

Zile sumu za unga au za maji zinazouzwa kwa vipimo bila lebo ni mbaya zaidi, maana hata daktari hajui anapambana na nini. Nyumba yenye paka isiwe na sumu, kwisha. Kisha zungumza na majirani, nyumba tatu kila upande, ukiwaomba wakuambie wakitega. Mimi nilipeleka na kisahani cha visheti, ikasaidia.

Gundi ya panya nayo ina mkasa wake. Kandambili aliikanyaga kwa miguu miwili, akaivuta kote sebuleni. Usimvute wala usitumie petroli au mafuta ya taa. Mfunge kwa taulo, mpake mafuta ya kula kwenye manyoya, sugua taratibu mpaka gundi iachie, kisha osha kwa sabuni laini na maji vuguvugu. Utachanwa kidogo.

Ndege na vifaranga

Ukimfungia paka stoo kuanzia magharibi mpaka jua lichomoze vizuri, umefanya mawili kwa ufunguo mmoja: anakuwa kazini saa za panya, na hayupo bustanini ile alfajiri ambayo shomoro wako chini wakitafuta chakula. Kwangu saa mbili asubuhi ndiyo namfungulia. Kunguru tu ndio hawahitaji ulinzi wangu, wao ndio wanaomfukuza Kandambili kutoka kwenye paa.

Njuga shingoni sizitumii. Utafiti ule wa Exeter haukuona kuwa zinaleta tofauti ya maana, na paka wa ghala mwenye njuga ni kama mlinzi anayepiga filimbi mwizi asikie. Ukitaka kumvisha mkanda kwa sababu nyingine, uwe wa aina inayofunguka yenyewe ukinaswa, la sivyo siku moja utamkuta amening'inia kwenye tawi.

Vifaranga wakae chini ya tenga mpaka wafikishe wiki sita hivi. Na ukileta mtoto wa paka, mkutanishe mapema na kuku mwenye vifaranga, wewe ukiwa umesimama hapo. Kandambili alidonolewa mara moja tu utosini akiwa na miezi mitatu. Mpaka leo akimwona yule kuku anazunguka kwa nyuma ya kisima.

Kama paka wako hana stoo wala panya, anaishi chumba cha kupanga, basi mchezeshe. Kijiti, kamba, kitambaa mwishoni. Kikimbize kwa kukiburuta mbali naye, maana hakuna panya anayemwendea paka, na umwache akikamate mwishoni, kisha umpe chakula.

Afya ya mwindaji, na yako

Paka anayekula panya anapata minyoo, hilo halina mjadala. Ukiona punje kama za mchele zinazojongea mkiani, ni tegu. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kwa uzito wake. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, ndiyo, paka naye. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake kamwe: permethrini iliyomo, inayovumiliwa na mbwa, inamuua paka. Mjusi naye si kitoweo cha bure, katika nchi za joto kama yetu hubeba minyoo inayoshambulia ini la paka, hivyo nikimkuta Karani na mjusi namnyang'anya.

Kuhasi kunawatia watu hofu kwamba paka atasahau panya. Silaha za paka haziko huko nyuma. Dume asiyehasiwa ndiye anayepotea wiki nzima, anarudi sikio limechanika baada ya kupigana na paka shume wa sokoni. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na siku 63 hadi 65 baadaye una paka sita.

Windo lililokufa usilishike kwa mkono mtupu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 natumia mfuko mtupu wa unga: unaingiza mkono, unashika, unaugeuza, unafukia shimo la urefu wa mkono. Osha kwa sabuni. Mkoa wetu unajua tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya: iliingia Lushoto mwaka 1980 na ikasumbua kwa zaidi ya miaka 20, na paka mwenyewe anaweza kuiugua na kumwambukiza mtu. Mjamzito asisafishe choo cha paka, asafishe mwingine, kila siku, kwani vijidudu vya toksoplazima, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vinahitaji siku moja au zaidi baada ya kutoka ndipo viweze kuambukiza.

Akikuletea windo usimpige. Amelileta pale anapojiona salama. Likiwa limekufa, mpe kipande cha dagaa, naye ataliacha. Likiwa hai, funga mlango wa chumba, ziba upenyo wa chini kwa kanga, na ulaze kipande cha bomba au buti la mvua kando ya ukuta, mdomo ukielekea kwake. Panya hukimbia akifuata ukuta. Msukume polepole kwa ufagio, ataingia mwenyewe, nawe uzibe kwa kitambaa na kumtoa nje.

Niliyafanya hayo yote usiku mmoja wa Ramadhani, wakati wa daku, mke wangu akiwa amesimama juu ya kitanda na mwiko mkononi akinielekeza upande ambao panya hakuwepo. Ilituchukua nusu saa. Karani, aliyemleta, alitutazama kidogo, akaenda kulala juu ya msala wangu.