Sambusa za dagaa wa Kigoma: kuanzia manda hadi kwenye karai

Sambusa ina asili ya Uajemi, na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco ambaye alipita Kilwa mwaka 1331, aliikuta baadaye mjini Delhi ikiwa imejazwa nyama ya kusaga, lozi, vitunguu na viungo. Kigoma tuna dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao huliwa pamoja na mifupa yao na hivyo humpa mlaji kalsiamu nyingi kuliko nyama ya kusaga.

Kwanza, chukua gramu 200 za dagaa wakavu, uwatoe vichwa na kuwaosha kwa maji ya uvuguvugu mpaka maji yawe safi, hasa ikiwa walianikwa mchangani. Wakaange pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba na kijiko kimoja cha mawese hadi wakauke. Rangi nyekundu ya mawese inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini joto kali huiharibu; kwa hiyo mimi huyatia humu tu, na kwenye karai hutumia alizeti. Dagaa wakishapoa kabisa, changanya vitunguu maji vilivyokatwa vidogo, giligilani na ndimu. Wapishi wengi huvikaanga vitunguu pamoja na dagaa, jambo ambalo silipendi, kwa sababu hutoa maji yanayolowesha manda, yaani ganda jembamba la unga la sambusa.

Pili, kanda gramu 250 za unga wa ngano kwa chumvi na maji, uwe mgumu kuliko wa chapati, uuache nusu saa. Sukuma viduara viwili, paka kimoja mafuta, nyunyiza unga, funika kwa cha pili, kisha visukume pamoja viwe vyembamba sana. Vipashe kwenye kikaango kikavu kila upande bila kuviacha vibadilike rangi, vikate robo, na uzitenganishe manda zingali na joto. Zifunike kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo zitakatika wakati wa kukunja.

Kunja pembe, jaza bila kushindilia, gundisha kwa uji mzito wa ngano.

Mafuta yawe kati ya nyuzi 170 na 180. Asiye na kipimajoto adondoshe kipande cha manda, kinachopaswa kupanda juu mara moja huku kikitoa mapovu madogo. Mafuta yakiwa vuguvugu, sambusa huyanywa, na kila gramu ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4. Kaanga chache chache, kisha uzisimamishe kwenye chujio, maana zikirundikwa bakulini zingali za moto, mvuke huzilainisha.