Namna ya Kutafuta Gari Jingine Kisumu Baada ya Lako Kukuzimikia

Madalali hawampendi mnunuzi yeyote kama yule ambaye gari lake limekufa juzi, kwa kuwa amechoka kupanda matatu na yuko tayari kusadiki lolote. Kwa hiyo, usimwambie muuzaji kwamba una haraka. Mimi niliropoka hivyo kwenye simu, nikaondoka Kisumu alfajiri kwenda Nakuru kulifuata gari nililoahidiwa, na nilipofika nikaelezwa kwamba limeuzwa jana jioni, ila lipo jingine ambalo bei yake imezidi kidogo. Siku hizi sitoki nyumbani kabla ya kutumiwa video iliyopigwa asubuhi hiyohiyo, ikionyesha namba ya gari na dashibodi injini ikiwa inanguruma.

Namba yenyewe isikupumbaze. Kanuni za Kenya huruhusu kuingiza gari kuukuu lisilozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na herufi za namba huonyesha wakati liliposajiliwa hapa, si wakati lilipoundwa. Gari la mwaka 2014 lililosajiliwa nchini mwaka 2021 lina namba inayoanza na KD, na muuzaji atalinadi kana kwamba ni kifaranga. Uliza mwaka wa kuundwa, kisha uhakikishe kwenye hati.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya kushikilia gari, omba taarifa zake kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada yake haifiki shilingi 1,000, na utajua jina la mwenye gari, namba ya sasisi na ya injini, na kama kuna benki au sako iliyoandikishwa pamoja naye kwa sababu ya mkopo. Linganisha namba hizo na zilizochongwa kwenye gari lenyewe. Ukiambiwa kwamba mwenyewe yuko Nairobi na kwamba ameacha karatasi zilizotiwa saini, rudi zako nyumbani, kwa maana uhamisho wa umiliki huanzishwa na mwenye gari katika akaunti yake mwenyewe, nawe ukaukubali katika yako. Nawajua watu wanaoendesha magari waliyoyalipia miaka mingi iliyopita, ambayo hadi leo yamo katika majina ya watu wasiopokea simu zao.

Nenda kulikagua asubuhi, bila kuarifu mapema sana, pamoja na fundi wako wewe, si yule anayeletwa na yadi ya kuuzia magari. Gusa boneti kwanza: ikiwa ya moto, mtu ameiamsha injini mapema ili usisikie inavyohangaika kuwaka ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma, au utando mfano wa maziwa chini ya kifuniko cha oili, unaashiria kwamba maji yanaingia yasikotakiwa. Kwa kuwa tunaishi karibu na nyanda za Ahero na Nyando zinazofurika, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake uangalie kama una tope, maana waoshaji hawafiki huko. Tairi pia husema: tarakimu 2319 ubavuni maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuzunguka yadi mara mbili si majaribio. Shika barabara ya Kakamega kutoka Mamboleo, upande mlima wa Riat saa za mchana ukiwa umewasha kiyoyozi, huku macho yako yakiwa kwenye kipimo cha joto. Gari lenye rejeta mbovu au gia zinazoteleza litajifichua kabla ya kufika Kiboswa. Wakati wa kushuka, zima redio usikilize breki. Muuzaji akikataa safari hiyo kwa kisingizio cha mafuta, yanunue wewe.

Mkiafikiana bei, andikeni mkataba mbele ya wakili, na ulipe kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo katika hati ya gari. Bakiza sehemu ya fedha hadi mwenye gari aanzishe uhamisho nawe ukiwa umekaa kando yake, na usimlipe salio hilo mpaka ombi litokee katika akaunti yako.